Mnazi, ukindu, mkonge au mgomba? Kuchagua malighafi ya vikapu vya sanaa

Kikapu cha kwendea sokoni kina masharti yake. Kitako kikae sawa, mdomo uwe wazi, mikono isikatike kwa uzito wa viazi. Kikapu cha sanaa, kile cha kuwekwa kabatini au kutundikwa ukutani, kimesamehewa yote hayo. Kinaweza kuinama upande, kufumba mdomo, kuota tumbo mbele na nundu nyuma, na asiulize mtu kinabeba nini. Sharti linalobaki ni moja, nalo ni gumu: kikishakauka kibaki na umbo ulilokipa.

Sharti hilo hutegemea malighafi zaidi kuliko ufundi. Ndiyo maana naona ni kujichosha bure kuipenda picha uliyoiona kwenye simu, kisha ukaanza kuzunguka mji mzima kutafuta cha kusukia. Tazama kwanza kinachoanguka au kutupwa karibu na kwako, ujue kinakubali nini na kinakataa nini, ndipo ufikirie umbo.

Hapa nalinganisha mnazi, ukindu, yaani majani ya mkindu (pamoja na miyaa, majani ya mkoma, maana kazi zake zinakaribiana), mkonge na mgomba. Milulu, magugu maji na mbungo nitavigusa panapostahili. Mimi ni mtu wa pwani, kwa hiyo mnazi nitaupendelea, umeonywa.

Kipi kinasimama chenyewe

Watu wakisikia kusuka kwa mnazi hufikiria kuti na pakacha. Kuti ni sehemu ndogo tu. Pita chini ya mnazi wowote wa miaka mingi uokote: karara, lile ganda gumu lililofunika maua, ambalo watoto hulifanya ngalawa; panda, yaani kikonyo kilichoshika nazi, chenye vidole vingi vinavyotoka kwenye shina moja; kilifu, kile kitambaa cha nyuzi kinachokumbatia shina pale makuti yanapoota; upongoo, ule uti mnene wa kuti; na chelewa, zile njiti za kufagilia. Vyote huanguka vyenyewe. Karara na panda husimama bila kusaidiwa na mtu, na kilifu kimeshafumwa na mti wenyewe, nyuzi zimepishana tayari. Kwa anayetaka kikapu chenye umbo lisilo la kawaida, nusu ya kazi imefanyika kabla hajashika sindano.

Ukindu ni kinyume chake. Chane zake, yaani vipande vya jani lililochanwa, ni nyembamba, laini, zinapokea rangi vizuri kuliko kitu kingine chochote hapa, lakini chane peke yake haina mgongo. Nguvu yake hutoka kwenye wingi. Ukuta wa ukili mmoja, yaani mkanda uliosukwa kwa chane, ukipita shibiri moja kwenda juu huanza kujikunja wenyewe, hasa siku za mvua. Ili usimame, ama ushone ukili mbili zilizobebana, ama uwe na mikunjo, ama ukindu huo uuzungushie kiini cha nyasi au chelewa. Miyaa ya mkoma ni mikakamavu zaidi na si mizuri sana kwa nakshi ndogondogo. Kwa mkeka wa harusi chukua ukindu. Kwa kitu cha kusimama wima, mimi nachukua miyaa.

Mkonge hausimami kabisa. Ni uzi, tena uzi bora kuliko wote hapa. Mfano mzuri ni kazi mbili za majirani. Kiondo cha Wakamba na Wakikuyu, kikisukwa kwa mkonge, kikiwa kitupu hulala, kwa sababu ndani na nje ni nyuzi tupu. Agaseke ka Rwanda, kale kenye kifuniko kirefu cha ncha ambako kamewekwa hata kwenye nembo ya taifa, husimama imara miaka na miaka, na nyuzi zinazoonekana nje ni mkonge uleule. Ila ndani ya kila duara kuna kifungu cha nyasi. Tofauti yote iko kwenye kiini.

Mgomba uko katikati. Ganda lake kavu lina rangi ambazo hakuna duka linaloziuza, kuanzia maziwa hadi kahawia iliyoungua, wakati mwingine kwenye ganda moja. Hukunjika vizuri, hujaza vizuri, na ukisokota upate kamba nene una kiini cha bure. Kwa ukuta wa kusimama peke yake, hapana. Uganda wameshalitatua hilo zamani: kiini cha mgomba, juu yake wanazungushia rafia, na kikapu kinakuwa kigumu kama inavyotakiwa.

Kwa walio Iringa, milulu, zile nyasi ndefu za majimaji, husimama vizuri sana, ndiyo maana vikapu vya Wahehe vina mwili ulionyooka hata vikiwa vitupu. Ila milulu haipendi kukunjwa ghafla. Umbo refu jembamba, ndiyo. Umbo la kujikunjakunja, utavunja mengi.

Kazi ya maandalizi, ambayo watu huiruka

Hapa mpangilio hugeuka. Mnazi wa kuokota unahitaji usiku mmoja wa maji. Karara kavu ukilikunja kwa nguvu hupasuka kwa urefu. Ulilaze kwenye karai la maji usiku kucha, uweke jiwe juu, asubuhi linakubali kupindwa na kukatwa kwa kisu. Kilifu loweka kwa muda mfupi tu, kisha kisugue kwa brashi kutoa vumbi na wadudu, maana ndani yake huishi kila kiumbe. Usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi, kwa upande mwingine, una safari ndefu. Kule Paje na Jambiani, Unguja, makumbi huzikwa kwenye mchanga wa ufukweni yakae miezi, ndipo yafukuliwe na kupondwa zitoke nyuzi. Usitake kuanzia hapo. Nunua kamba iliyokwisha kusokotwa.

Ukindu huvunwa ukiwa kuti changa la katikati ambalo halijafunguka, huanikwa, huchanwa, na wakipenda huchemshwa ili uwe mweupe. Kuchana ni kazi ya mkono na macho. Chane zisipolingana, ukili huyumba, na kuyumba kule hakuonekani mpaka umeshona dhiraa mbili. Kwa kikapu cha sanaa kuyumba kunaweza kuwa ndiyo uzuri wenyewe, lakini kuwe kwa kutaka kwako.

Mkonge ndio wenye jasho. Nyuzi ni kama asilimia 4 tu ya uzito wa jani. Kilichobaki ni maji na nyama ya jani ambavyo lazima uviparue. Utomvu wake unawasha, kwa hiyo vaa glavu na nguo ya mikono mirefu, na usijifute uso. Jani moja hutoa nyuzi zipatazo 1,000, ambazo ni nyingi kuliko unavyofikiri ukiwa na kikapu kidogo. Lakini kama karibu yako kuna anayeuza katani iliyosafishwa, nunua tu.

Mgomba hautaki chochote. Ganda limekauka lenyewe kwenye shina. Unalichuna, unalifuta, unalinyunyizia maji, unaanza.

Magugu maji ni habari ya watu wa Ziwa Victoria, ambako yameonekana tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 na hakuna atakayekuuliza umeyatoa wapi. Tatizo ni kwamba zaidi ya asilimia 90 ya mmea ule ni maji. Mzigo wa kuvunja mgongo ukikauka hubaki mkono mmoja. Vikonyo vikavu ni vyepesi, vinene, na vinafaa kusukwa kimsuko kama nywele kisha kushonwa, na umbo hutoka lenye mwili mnene. Kama hukai karibu na ziwa, usijisumbue kusafirisha.

Kila malighafi na mbinu yake

Panda la mnazi nitalieleza kwa urefu, kwa sababu ndilo ningempa mtu wa kwanza aliyeniuliza.

Chukua panda kavu lenye vidole visivyovunjika. Ligeuze, shina chini, vidole juu. Kila kidole sasa ni ubavu wa kikapu, na shina ni kitako au mguu. Loweka vidole mpaka vinyumbulike. Chukua kamba mbili za mkonge au za usumba, anza chini kabisa pale vidole vinapoachana, kamba moja ipite mbele ya ubavu na nyingine nyuma, zipishane, kisha ubavu unaofuata, tena zipishane. Kwa kamba mbili hesabu ya mbavu haina shida. Ukitaka kusuka kwa kamba moja tu, mbele, nyuma, mbele, nyuma, mbavu lazima ziwe witiri. Zikiwa shufwa, mzunguko wa pili utapita palepale ulipopita wa kwanza na hakuna kitakachoshikamana. Kata kidole kimoja, au ongeza chelewa moja, umemaliza tatizo.

Sasa kutoa umbo lenyewe. Usizunguke kila mara mpaka mwisho. Suka kutoka ubavu wa tatu hadi wa tisa, rudi nyuma hadi wa nne, nenda tena hadi wa nane, kisha ndipo uendelee na mzunguko mzima. Upande ule utavimba na kikapu kitaanza kuinama kwenda upande wa pili. Ukirudia mara kadhaa sehemu mbalimbali, kinajipinda shingo, kinatoa tumbo, kinageuka. Ukivuta kamba, kinabana. Ukichomeka chelewa mpya kati ya mbavu mbili, kinatanuka. Hayo matatu, kurudi njiani, kuvuta na kuongeza ubavu, yanatosha kwa karibu kila umbo utakalolitaka kwa mbinu hii. Panda lenyewe halilingani kidole na kidole, kwa hiyo hata ukitaka kutengeneza viwili vinavyofanana hutaweza.

Ukindu unataka mbinu nyingine. Ama ukili na shazia, ile sindano kubwa ya kushonea, ama kuviringisha. Katika kuviringisha, kifungu cha kiini kinazungukwa na chane na kila duara linashonwa kwenye duara la chini yake. Umbo linatoka mahali unapoliweka duara jipya. Ukiliweka ubavuni mwa lile la chini, upande wa nje, kikapu kinafunguka. Juu kabisa, kinapanda wima. Upande wa ndani, kinafumba. Ni mbinu ya polepole sana, kikombe kidogo tu ni jioni kadhaa, lakini ndiyo inayotii kuliko zote. Ukikosea unafumua duara moja, hufumui kikapu. Ukili una haraka zaidi na una tabia ya kushangaza: ukishona mkanda mmoja huku ukiuvuta kidogo upande mmoja, ukuta unajipinda wenyewe kwa mzunguko.

Mkonge unafaa kwa kupishanisha nyuzi kama kiondo, na kwa vitanzi. Kuhusu vitanzi, mwaka 1947 msanii wa Marekani Ruth Asawa alikuwa Toluca, Meksiko, ambako aliona mafundi wakifuma vikapu vya mayai kwa waya, kitanzi ndani ya kitanzi, akajifunza. Baadaye alitumia mbinu hiyohiyo kufuma sanamu za kuning'inia, tufe ndani ya tufe, ambazo ndizo zilizompa jina. Waya hukumbuka umbo, mkonge haukumbuki. Ukitaka vitanzi vya mkonge, fuma juu ya kibuyu au mawe yaliyofungwa kitambaa, ulowanishe, uache ukauke papo hapo, ndipo utoe kilichomo ndani. Wengine hupaka uji mwembamba wa muhogo ili ukakamae. Hukakamaa kweli, na huita mende.

Mgomba, kwangu, ni malighafi ya ngozi. Tengeneza mifupa kwa kitu kigumu, kisha funika kwa vipande vya ganda vilivyobebana, au usukie ovyo juu yake pande zote mpaka ushikamane wenyewe, kama kiota. Usukaji huu wa ovyo haufundishwi kwa hesabu. Kanuni ni moja tu: kila ukanda upite chini ya angalau kanda mbili kabla hujauacha, vinginevyo utachomoka.

Mbungo, kile kitambazi cha matunda ya mabungo, ni mzuri mno kwa mifupa ya vikapu vikubwa. Hupindika ukiwa mbichi na hukaa ulivyopindwa. Una utomvu mweupe unaonata kwenye kisu na vidole, na si ajabu, maana jamaa zake wa porini walikamuliwa mpira katika pwani hii kabla ya mashamba ya mpira. Uache siku mbili baada ya kukata, ndipo uushike.

Unyevu, bungua na jua

Kila kilichosukwa kikiwa kimelowa husinyaa kikikauka. Jani bichi husinyaa zaidi kuliko jani kavu lililolowanishwa, kwa hiyo kusuka kuti bichi kwa ajili ya kitu cha kudumu ni kujitafutia mianya. Pakacha linavumilia, kwa kuwa ni la siku chache. Kausha kwanza, kisha irudishie unyevu kwa kufunga ndani ya gunia au khanga iliyolowa, na usiache majani ndani ya maji siku nzima. Ukishasuka nusu, lala. Asubuhi sukuma mistari ishuke chini, utashangaa nafasi iliyopatikana.

Kwa unyevu wa pwani usumba ndio mshindi. Mitepe ya Lamu ilishonwa mbao kwa kamba za usumba ikaingia baharini bila msumari. Ukindu na miyaa vinavumilia vikipata hewa. Mkonge unashika kuvu ukiachwa na maji, na doa la kuvu kwenye katani nyeupe halitoki. Mgomba ndio wa kwanza kunuka; usiuweke bafuni wala kwenye veranda inayopigwa na mvua.

Fito na vitambazi hupata bungua, wadudu wanaotoboa miti. Utaona unga mwembamba chini ya kikapu. Dawa ya zamani ni moshi: malighafi huwekwa darini juu ya meko kwa wiki kadhaa, na rangi inakolea kidogo, jambo ambalo mimi nalipenda. Asiye na meko aanike kwenye jua kali na ageuze.

Jua lenyewe hufuta rangi za unga za dukani, pinki na kijani kwanza. Gome la mkandaa linalotoa wekundu wa kahawia, na mizizi ya mdaa inayotoa weusi, hukaa zaidi, ila mkandaa ni mkoko, na mikoko huwezi kuikata wala kuichuna gome bila kibali. Tumia gome la mti uliokwisha kuanguka, au uache rangi ya asili ya majani ifanye kazi. Kwa kikapu cha umbo, rangi nyingi huficha umbo.

Kupata bila kuharibu wala kugombana

Mnazi na mgomba hazina kesi, mradi uombe kwa mwenye shamba. Mara nyingi atafurahi umemsafishia. Mkindu una miiba chini ya kuti, na ukichukua makuti yote machanga ya shina moja umelidhoofisha. Chukua moja, nenda shina jingine. Maeneo mengi kuna kina mama wanaouza ukindu kwa mafungu, na kununua kwao kutakupunguzia miiba na kukupa mwalimu.

Mkonge ni wa mashamba. Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, alipouleta mwaka 1893, kati ya miche 1,000 iliyosafirishwa ilifika hai 62 tu, na kutokana nayo Tanga ikajaa mkonge. Mwenye kukaa Tanga, Korogwe, Vipingo au Mwatate anaona mkonge kila aendako, lakini ule wa shamba una mwenyewe. Wa kwenye ua na kando ya reli za zamani, ulizia kwa jirani.

Basi uchukue nini

Hujawahi kusuka na unataka kitu cha kuonyesha wageni ndani ya wiki: panda la mnazi na kamba ya usumba. Hutajuta.

Unapenda kazi ya taratibu, ya kushika mkononi huku mnazungumza: ukindu juu ya kiini. Huu ndio wenye ngazi nyingi za kupanda, na miaka kumi baadaye bado utakuwa unajifunza.

Una subira ya kiondo na unapenda kazi nyepesi inayoning'inia: mkonge. Kwa anayeanza siushauri kama malighafi pekee, ila uwe nao daima kwa kufungia vingine.

Unakaa Bukoba, Moshi au Kampala, mnazi ni wa kuusikia: mgomba, na utafute mbungo au kitambazi kingine kigumu kwa ajili ya mifupa.

Kama unachanganya, na wengi huishia kuchanganya, angalia kusinyaa. Karara na usumba hukaa pamoja vizuri, na mkonge juu ya chelewa pia. Ganda la mgomba lililosukwa likiwa limelowa kwenye mbavu za chelewa kavu litalegea baada ya siku mbili na kuanza kuzunguka kwenye mbavu. Hapo suka kavu kidogo, ukibana zaidi ya unavyodhani inafaa, na umalizie mdomo kwa mkonge.